Jina Lako Litangulie Njaa

Wilayani Same njaa ina kalenda yake. Mvua za vuli hungojewa kuanzia Oktoba. Zikipita bila kunyesha, Januari huyakuta mahindi ya masika yaliyopita yamebaki kiganja chini ya gunia, na Januari ndio mwezi wa kufungua shule: sare, viatu, madaftari. Kutoka hapo mpaka masika yavunwe mnamo Julai ni miezi sita ya kununua unga kwa kilo, baadaye kwa nusu kilo, mwishowe kwa kuandikiwa deni dukani. Aliyekulia Makanya, Hedaru, Njoro au Ruvu hahitaji kuelezwa.

Milima ya Upare inatulisha na inatunyima. Shengena, kilele chenye mita 2,462, na safu yote inayokizunguka huzuia mawingu yanayotoka baharini. Upande wa mashariki, Gonja na kwingineko, mvua inashuka. Huku magharibi, kando ya barabara kuu ya Arusha na Dar es Salaam, tunapata mabaki. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama Same mjini kwenye vumbi na kutazama mawingu yamelala juu ya milima, na huko juu wenzake wanachimba tangawizi na kukata ndizi. Wilaya moja, halmashauri moja, njaa mbili tofauti.

Serikali ina njia kadhaa za kuifikia kaya iliyokosa chakula. Zote nimezifuatilia, na zote zinakutana mahali pamoja: kwenye orodha. Orodha hiyo haiandikwi Dodoma. Inaandikwa kijijini, kwenye mkutano, mara nyingi miezi mingi kabla lori la mahindi halijaonekana barabarani. Kaya ambayo siku ile haikuwa na mtu wa kuisemea hujikuta nje, hata kama ndiyo yenye njaa kuliko zote. Jambo la kwanza la kufanya ukiona vuli imegoma ni kuhakikisha jina lako linatangulia njaa.

Chakula cha msaada na mahindi ya bei nafuu

Wengi wetu tukisikia "msaada wa Serikali" tunawaza lori. Wazee wanaukumbuka ukame wa 1973 na 1974, Serikali ilipolazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje, na wanaukumbuka unga wa njano uliotoka ng'ambo, ambao watu waliuita unga wa Yanga. Leo akiba ya nafaka ya nchi iko mikononi mwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulioanzishwa mwaka 2008. Wakala hununua mahindi kwenye mikoa yenye ziada na kuyahifadhi kwenye maghala ya kanda. Kanda inayotuhudumia sisi wa Kilimanjaro ni ya Arusha.

Mahindi hayo hayatoki ghalani kwa sababu mbunge amepiga kelele, ingawa kelele husaidia. Yanatoka kwa utaratibu. Kijiji hutoa taarifa ya upungufu kwa kata, kata kwa wilaya. Wilayani kuna kamati ya maafa iliyo chini ya Mkuu wa Wilaya, na mkoani vivyo hivyo. Kitaifa kazi hiyo iko Ofisi ya Waziri Mkuu, kwenye Idara ya Menejimenti ya Maafa. Sheria inayotumika ni ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, nayo inateremsha kamati hizo mpaka ngazi ya kijiji. Kabla ya uamuzi hufanyika tathmini, ambayo wataalamu huifanya kwa mfumo unaoitwa MUCHALI, yaani Mfumo wa Uchambuzi wa Uhakika wa Chakula na Lishe. Wanauliza mavuno yalikuwaje, bei sokoni ikoje, mifugo ina hali gani, watu wanakula mara ngapi kwa siku.

Hapa ndipo mwananchi wa kawaida anapoharibu au kutengeneza. Timu ya tathmini ikifika kijijini, kuna wanaoficha njaa kwa aibu. Mpare ana fahari yake. Hapendi kusema mbele za watu kwamba nyumbani kwake jiko halikuwaka jana. Kuna wengine wanaozidisha, wakidhani atakayelia zaidi atapewa zaidi. Wote wawili wanaukosesha ushahidi uzito wake. Sema kweli: ulipanda ekari ngapi, ulivuna debe ngapi, umebakiwa na ngapi, watoto wanakula saa ngapi. Takwimu za kijiji kizima zinajengwa kwa majibu hayo.

Chakula kikiruhusiwa, huja kwa namna mbili. Sehemu ndogo hutolewa bure kwa wasio na uwezo kabisa: wazee wanaoishi peke yao, wenye ulemavu, wagonjwa wa muda mrefu, yatima. Sehemu kubwa huuzwa kwa bei iliyopunguzwa. Katika ukame wa 2005 na 2006 mahindi ya Serikali yaliuzwa kwa shilingi 50 kwa kilo. Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023, bei zilipopanda karibu nchi nzima, NFRA ilipeleka mahindi kuuzwa kwenye maeneo yenye upungufu kwa bei iliyo chini ya soko. Usiende na mawazo ya shilingi 50 ya zamani. Uliza bei ya safari hii, kiasi ambacho kaya moja inaruhusiwa kununua, na kituo cha mauzo, maana mara nyingi kituo ni kimoja kwa kata nzima na nauli ya bodaboda inaweza kula faida yote. Majirani wanne wakichanga nauli na kumtuma mmoja wao mwenye barua ya mwenyekiti wa kitongoji, hasara hiyo inapungua, ilimradi wameuliza kwanza kama kituo kinaruhusu.

Siku ya mgawo, simama karibu na mizani. Kilo ulizoandikiwa ziwe kilo ulizopewa, na usiweke sahihi wala dole gumba mahali palipo wazi. Fungua mfuko hapohapo uone kama mahindi ni makavu na hayana ukungu.

Hela ya TASAF

Njia ya pili haileti chakula, inaleta fedha, na kwa kaya nyingi maskini ndiyo ya kudumu zaidi. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000. Awamu zake mbili za kwanza zilijenga zaidi madarasa, zahanati na visima. Awamu ya tatu, iliyozinduliwa Dodoma Agosti 2012, ndiyo iliyoleta Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, baada ya majaribio kufanyika Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Kipindi cha pili cha awamu hiyo kilizinduliwa Februari 2020 kikiwa na lengo la kufika kila kijiji, mtaa na shehia.

Namna kaya inavyoingia kwenye mpango ndilo jambo ambalo ningetaka kila msomaji alijue kwa moyo. Kwanza unaitishwa mkutano wa kijiji, na wananchi wenyewe wanasema kwao maskini ni nani. Sifa za umaskini wa Ruvu, ambako mtu anahesabiwa kwa ng'ombe, si sifa za Mbaga, ambako anahesabiwa kwa shamba na mfereji. Baada ya sifa, majina yanatajwa kaya kwa kaya, kitongoji kwa kitongoji. Kaya zilizotajwa zinafuatwa nyumbani na kujaziwa dodoso: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, mnapikia nini, mnatoa wapi maji, wangapi wanasoma, wangapi wanaweza kufanya kazi. Majibu yanaingizwa kwenye kompyuta, ambayo inapanga kaya kwa kadiri ya hali. Kisha orodha inarudi kijijini, inasomwa hadharani, na wananchi wanaikubali au kuipinga.

Mara mbili, basi, kijiji kinakaa. Mara ya kwanza kutaja, mara ya pili kuhakiki. Asiyetajwa mara ya kwanza hafikiwi na dodoso. Na anayesomwa isivyostahili mara ya pili, wa kumkatalia ni waliopo mkutanoni.

Sasa mfikirie bibi wa miaka 74 anayeishi juu ya kilima, njia ya miguu ya saa moja na nusu kutoka ofisi ya kijiji, na wajukuu watatu ambao wazazi wao wako Dar es Salaam wakitafuta maisha. Huyo ndiye ambaye mpango ulitengenezwa kwa ajili yake. Huyo pia ndiye asiyeweza kuteremka mkutanoni. Hata akitajwa na mtu mwingine, mwenyekiti wa kitongoji anapofika kwake na mtu wa dodoso, mazungumzo huwa mafupi.

"Shikamoo bibi. Watoto wanaokutumia hela wapo?"

"Marahaba mwanangu. Wapo, Mungu awajalie."

Na hapo karatasi inaandikwa kwamba bibi anatumiwa hela. Alichomaanisha ni kwamba watoto wake wako hai. Walituma mara moja, Krismasi ya mwaka juzi. Heshima ya mzazi imemzuia kuwasema vibaya wanawe mbele ya mgeni. Ikiwa wewe ni jirani, mjukuu mkubwa au mlezi wa kanisa au msikiti, kaa naye siku ya dodoso. Msaidie kujibu swali kama lilivyoulizwa: walituma lini, walituma shilingi ngapi.

Kaya ikishaingia, hupewa ruzuku, kwa kawaida kila baada ya miezi miwili, na mpokeaji aghalabu ni mama wa nyumba. Viwango hubadilika kutoka kipindi hadi kipindi. Katika kipindi cha kwanza cha awamu ya tatu, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye mtoto iliongezewa 4,000. Mtoto wa shule ya msingi alihesabiwa 2,000 na wa sekondari 4,000 au 6,000 kwa kadiri ya kidato. Na kikomo kilikuwa 38,000 kwa mwezi kwa kaya. Viwango vya sasa viulize kwa Mtendaji wa Kijiji au kwa mratibu wa TASAF aliyeko halmashauri, na uombe uoneshwe jinsi kaya yako ilivyokokotolewa.

Nieleze kidogo uzito wa fedha hiyo, maana kuna wanaowasema walengwa vibaya kwamba wanalishwa na Serikali huku wamekaa. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa chakula kwenye shilingi 33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kaya iliyofikia kikomo cha 38,000, yenye mama, watoto wachanga na wanafunzi, ilipokea kitu kilichozidi kidogo tu chakula cha mtu mzima mmoja. Hakuna anayekaa kivivu kwa hela hiyo. Inaziba pengo kati ya nusu kilo na kilo moja, inanunua kuku wawili wa kuanzia, inamzuia mama asiuze jembe. Utafiti huohuo ulionesha kwamba asilimia 8 ya wakazi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari huo wa chakula.

Ruzuku ina masharti. Watoto wa shule wahudhurie, na kipimo ni asilimia 80 ya siku za masomo. Watoto wa chini ya miaka 5 wapelekwe kliniki kwa ratiba. Mtoto akiugua na kukosa shule wiki mbili, nenda kwa mwalimu mkuu na karatasi ya zahanati ili mahudhurio yaandikwe sawasawa. Usingoje makato yaonekane kwenye malipo.

Kuna pia ajira za muda. Kaya zenye mtu anayeweza kufanya kazi hupewa kazi za ujira katika miezi ya njaa, hadi siku 60 kwa mwaka, kwenye miradi iliyoibuliwa na kijiji chenyewe: kuchimba lambo, kufungua barabara, kupanda miti, kujenga matuta ya kuzuia mmomonyoko. Huku kwetu jambo hili huchanganywa na msaragambo. Msaragambo ni wajibu wetu wa jadi, hauna malipo na ni wa kila mtu. Ajira za muda zina ujira, zina daftari la mahudhurio, na zina watu wake walioandikwa. Kiongozi asichukue siku zako za ujira akaziita msaragambo. Na kijiji kinapoulizwa kinataka mradi gani, kitaje ndiva. Yale mabwawa ya udongo ya wazee wetu, yanayojaa usiku kutoka kwenye kijito na kufunguliwa alfajiri ili maji yatembee mferejini kwa zamu, mengi yamejaa tope kiasi kwamba maji ya usiku mzima hayamalizi hata robo ya shamba. Ndiva iliyozibuliwa kwa ujira wa miezi ya njaa hulisha kaya mara mbili, leo kwa ujira na mwakani kwa mahindi.

Kuhusu malipo. Kama unalipwa kwa simu, laini iwe imesajiliwa kwa jina lako, na namba ya siri isijulikane na kijana wa duka wala na mjukuu. Anayekupigia akidai hela imekosewa, "irudishe kwenye namba hii", ni mwizi. Kama unalipwa mkononi, hesabu mbele ya mlipaji. Mchango wowote wa kijiji una siku yake na risiti yake. Meza ya malipo ya ruzuku si mahali pa kukatwa.

Shule na sufuria ya makande

Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016, ulioeleza utekelezaji wa elimu bila ada, uliacha chakula cha wanafunzi wa kutwa mikononi mwa wazazi na jamii. Kwa Upare jibu liko wazi tangu zamani: makande. Mahindi yaliyokobolewa na maharage, sufuria moja, chumvi, na kama yupo mwenye nazi au karanga, bora zaidi. Nafaka na jamii ya kunde zikiliwa pamoja zinaukamilishia mwili kile ambacho kila moja peke yake haina. Loweka mahindi na maharage usiku kucha. Kuni zinapungua sana, na mpishi wa shule anamaliza kabla ya saa sita. Maharage yakiwa ghali, fiwi na kunde za tambarare zinafanya kazi ileile na zinavumilia jua.

Kiasi cha mchango hupangwa na wazazi kwenye mkutano wao. Hapo ndipo pa kusema, kabla ya kupiga kura, kwamba kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF zichangie kwa kuni, maji au siku za kupika badala ya debe la mahindi. Nimeshuhudia mtoto akikaa chini ya mti wakati wenzake wanakula kwa sababu kwao hakijatoka kitu. Mtoto huyo hakuwa amekosa lolote, na kijiji kizima kilikuwa kimemwona.

Utepe wa mkono

Kwa watoto wadogo njaa haisubiri mkutano. Zahanati, na wahudumu wengi wa afya ngazi ya jamii, wana utepe wa rangi tatu wa kupimia mzunguko wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Unafungwa katikati ya mkono wa juu wa kushoto. Ukisoma sentimita 12.5 au zaidi, ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano: mtoto anakonda, anahitaji kufuatiliwa na kuongezewa milo. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na hapo ni hospitali siku hiyohiyo. Huko kuna maziwa maalumu na chakula dawa, ambavyo havinunuliwi dukani, wala uji hauchukui nafasi yake.

Kuna dalili nyingine ambayo haihitaji utepe. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa unyayo wa mtoto, hesabu polepole mpaka tatu, achia. Shimo likibaki, kwenye miguu yote miwili, ni uvimbe wa utapiamlo mkali, hata kama mashavu yamejaa na jirani anasema mtoto amenenepa. Usimpe mtu lawama, mpeleke. Nchi nzima, asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 walikutwa wamedumaa katika utafiti wa afya wa mwaka 2022. Matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, usikose.

Kabla ya kuomba

Chukua kaya ya watu watano. Wagawaji wa misaada hukadiria kama gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku. Hiyo ni kilo 2 kwa siku, kilo 60 kwa mwezi, zaidi ya gunia 7 za kilo 100 kwa mwaka. Fanya hesabu hiyo Agosti, gunia zikiwa mbele yako, kabla mnunuzi hajafika na lori. Aliyevuna gunia 9 hana hata 2 kamili za kuuza. Aliyevuna 5 hana hata moja, na akiuza kwa shida ya Agosti atayanunua mahindi yaleyale Februari kwa bei ya juu zaidi. Na kuuza mahindi yakiwa bado machanga shambani, kwa mkopeshaji wa kijijini, ni kuuza njaa ya mwakani. Afadhali kukopa kwenye kikoba.

Ghalani kuna mwizi mwingine. Dumuzi, yule ambaye wakulima walimbatiza jina la Scania, alionekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na inaaminika aliingia nchini na mahindi ya kuagizwa. Kama ndivyo, mahindi yale yalitulisha kwa muda na kutuachia mdudu mpaka leo. Anageuza gunia kuwa unga wa vumbi kwa miezi michache. Dawa isiyo na sumu ni mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, ule wa PICS na jamii yake: mahindi yakauke kabisa, mfuko ufungwe kila tabaka peke yake, usifunguliwe kwa wiki za mwanzo. Ukavu huo unazuia pia sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyoonekana ya kawaida. Mahindi yenye ukungu usimpe mtoto, usimpe kuku.

Kwa walio karibu na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ukame mwingine hutembea kwa miguu minne. Tembo akiingia shambani Kisiwani au Maore, usiku mmoja unafuta msimu. Kanuni za mwaka 2011 zinaruhusu kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Toa taarifa kwa mtendaji na afisa wanyamapori asubuhi ileile, piga picha kwa simu, na usilime juu ya uharibifu kabla haujapimwa. Umbali wa shamba na mpaka wa hifadhi unahesabiwa, na ekari zina kikomo. Kifuta jasho hakilipi mavuno yote, lakini taarifa yako inaingia kwenye hesabu ya upungufu wa chakula wa kijiji, na hilo ni muhimu vilevile.

Maafa si ukame pekee. Novemba 2009 mlima uliporomoka Goha, Mamba Myamba, na zaidi ya watu 20 wakafariki. Kamati ya maafa ya kijiji inahusika na maporomoko na mafuriko kama inavyohusika na jua, na waliopoteza mashamba kwa tope wana haki ya kuorodheshwa kama waliopoteza kwa ukame.

Yako mengine ya kujiandikisha mapema. Mbegu na mbolea ya ruzuku huenda kwa mkulima aliyesajiliwa kwenye daftari la kijiji, utaratibu ulioanza na mbolea msimu wa 2022/23. Muulize bwana shamba mbegu fupi za tambarare, kama Situka, zilizotoka kituo cha Selian Arusha, na usidharau mtama. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, ni ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ni mkopo, unarudishwa. Usiuchukue kwa kununua unga.

Ukionewa

Umeachwa kwenye orodha, umepunjwa kilo, umekatwa hela. Anza na kamati ya usimamizi ya jamii, iliyochaguliwa na mkutano wa kijiji kusimamia mpango, na kwa mtendaji. Andika barua, hata mistari mitano, tarehe juu, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Usipojibiwa, panda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mratibu wa TASAF wilayani au ofisi ya Mkuu wa Wilaya kama ni chakula cha maafa. Kukiwa na rushwa, TAKUKURU wanapigiwa bure kwa namba 113. Miaka ya nyuma makumi ya maelfu ya kaya ziliondolewa kwenye mpango nchini kwa kuwa zilikuwa hewa: waliokufa, waliohama, na wengine waliokuwa na uwezo au uongozi. Kila kaya hewa ilikuwa imekalia nafasi ya kaya yenye watu ndani, na nyingi zilijulikana na majirani tangu siku ya kwanza.

Kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji hukaa angalau kila baada ya miezi 3, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Muulize mwenyekiti wa kitongoji chako leo tarehe ya mkutano ujao. Nenda, na uende na jina la yule bibi wa juu ya kilima.